Kuinua Dinga Nairobi: Upeleke Gereji ama Ujifungie Mwenyewe? Soma Hii Kabla Ushike Spana

Pita Ngong Road Jumamosi asubuhi, kutoka Dagoretti Corner ukielekea Karen, na uhesabu ndai zenye zimeinuliwa. Prado, Hilux, Jimny, hadi Forester zenye zamani zilikuwa zinalamba lami, sahii zimesimama kama ngamia. Luku ni safi, hakuna kubisha. Na si luku tu. Kuna mabampu huko Kawangware na Kangemi yamejengwa kama kaburi, gari ya chini inakwaruza tumbo kila jioni. Na kama wikendi mbogi yako hupenda kutoka na njia ya Suswa ama Magadi, zile sentimita tano za ziada zinaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kuacha bampa kwa mawe.

Shida inaanza ukiuliza bei. Gereji ya 4x4 inakupigia hesabu inaingia laki na kuendelea. Msee wa Kirinyaga Road anakuambia atakumalizia na ngiri chache kabla ya lanchi. Alafu unafungua YouTube unapata jamaa wa Australia na gereji yake kubwa kuliko keja yako, anakuonyesha ni kazi ya alasiri moja na spana tatu. Sasa unabaki hapo katikati: ulipe, ubahatishe, ama ujifungie?

Jibu halitegemei sana ni nani ako na bei poa. Linategemea vitu viwili: springi za gari yako zinatolewaje, na nani atapima gari baada ya kufungwa. Ukishajua hivyo viwili, umemaliza nusu ya kazi bila kushika spana.

Kwanza elewa ni nini unainua

Wasee wengi wanadhani ukiinua gari, kila kitu kinapanda. Zii. Kuna njia mbili za kupata nafasi chini ya gari, na hazifanyi kitu sawa.

Ya kwanza ni kuinua bodi kwa springi ndefu, ama kwa spesa, yani kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi. Ya pili ni kuweka taya kubwa.

Kama gari yako iko na ekseli nzima, ile bomba moja inayotoka taya hadi taya na difu katikati, springi ndefu haziinui hiyo difu hata milimita moja. Difu inakaa na taya. Jimny ni hivyo mbele na nyuma. Prado na Hilux ni hivyo nyuma. Kwa hivyo ukiona mtu ameinua Prado inchi mbili lakini taya ni zilezile, ujue jiwe lenye lilikuwa linagonga difu ya nyuma jana, leo litagonga palepale. Kitu amepata ni nafasi ya tumbo na bampa, pamoja na nafasi ya kuweka taya kubwa baadaye.

Hesabu ya taya nayo si kubwa vile watu hufikiria. Ukitoka 265/70R16 uende 265/75R16, kimo cha taya kinaongezeka kama milimita 26, na kwa sababu difu iko katikati ya taya, unapata nusu yake: milimita 13. Na hapo spidomita inaanza kukudanganya. Ikikuonyesha 80, wewe uko karibu 83.

Kwa gari kama Forester ama X-Trail, ambazo kila taya inajitegemea, difu ya nyuma imefungwa kwa bodi, kwa hivyo ukiinua, inapanda pia. Lakini bei yake inalipwa mahali pengine, kwa driveshafti. Tutafika huko.

Njia tatu za Nairobi

Hii mji inakupa njia tatu.

Kuna gereji za 4x4, nyingi ziko upande wa Karen, Ngong Road na Industrial Area. Hizi zinakuuzia kiti nzima, yani springi na shoki zimetengenezwa pamoja. Majina kama Old Man Emu kutoka Australia wasee wa safari wanayajua. Hapa unalipa, lakini unapata risiti na mahali pa kurudi.

Kuna jua kali. Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, ndio moyo wa spea tao. Ukipita Naivasha Road ama Waiyaki Way, kila steji utapata mafundi wamekaa kando ya barabara. Wengine ni wakali kuliko gereji yoyote yenye kioo na kahawa. Wamefungua Prado nyingi hadi wanajua kila bolti kwa jina. Wengine, ndugu yangu, wanajifunzia kwa gari yako.

Alafu kuna parking ya ploti yako, jeki na ujasiri.

Njia zote tatu zinaweza kutoa gari poa. Na zote tatu zinaweza kutoa jeneza. Ndio maana unahitaji kanuni, si maneno ya huyu na yule.

Kanuni: je, springi inabanwa?

Ingia chini ya gari na tochi. Angalia springi na shoki.

Kama springi imesimama peke yake na shoki iko kando yake, wewe uko na bahati. Unainua gari, unaweka stendi chini ya chesi, unafungua shoki, ekseli inashuka, springi inalegea na kutoka kwa mkono. Unaweka mpya, unarudisha. Nyuma ya Prado ni hivi. Jimny ni hivi mbele na nyuma. Hii kazi mtu makini mwenye vifaa anaweza fanya nyumbani. Usifanye haraka, na usifanye peke yako.

Kama springi imezunguka shoki, imekaa juu yake kama nguo, hiyo ni hadithi ingine. Mbele ya Prado 120 na 150, mbele ya Hilux za miaka hii, Forester, mbele ya X-Trail na mbele ya karibu saluni zote ni hivyo. Ili utenganishe springi na shoki lazima uibane kwanza na kifaa maalum. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya mamia ya kilo. Kifaa kikiteleza, haitoi onyo. Inaruka, na kitu cha kwanza inapata ni uso wa mwenye ameinama hapo juu. Hapa hakuna cha kujichocha. Toa hiyo shoki nzima kwa gari ukitaka kuokoa pesa ya leba, lakini kubana na kutenganisha peleka kwa mtu ako na mashine ya ukutani, si zile kulabu mbili za kukodisha zenye uzi umeisha.

Kuna spesa za mbele zinawekwa juu ya shoki nzima bila kubana springi. Hizo unaweza fanya. Lakini elewa hesabu yake: kwa Prado, shoki inashika kwa mkono wa chini katikati, si mwisho karibu na taya. Kwa hivyo spesa ya milimita 25 inaweza inua gari karibu milimita 50. Kuna msee atanunua spesa ya milimita 50 akidhani atapata inchi mbili, kumbe amejinunulia karibu nne, na siku hiyo jointi ndio zinalia.

Leaf springi za nyuma ya Hilux ziko katikati. Kazi yenyewe si ngumu, lakini ni nzito, bolti zimeshika kutu, na leaf yenyewe inaweza kukuvunja vidole. Hapo fundi mzuri na vijana wake wawili wanastahili kila bob.

Ukiamua kujifungia

Jeki ya gari, ile inakuja na taya ya spea, ni ya kubadilisha taya tu. Haitoshi. Unahitaji jeki ya sakafu, stendi nne za chuma, na mahali flati penye simiti. Parking ya cabro yenye imeinama, ama mchanga wa ploti, haifai. Uliza kwanza pia mkeja ama keteka, ploti nyingi za Kileleshwa na Lavington hazitaki gari ikifunguliwa hapo.

Na mawe, tafadhali. Tumezoea kuona gari imekaliwa na mawe ya kujengea na mtu amelala chini yake anaimba. Jiwe la kuchonga linapasuka bila kupiga kelele. Kama huna stendi, huna kazi ya kufanya siku hiyo.

Kitu kingine wengi hawajui: bolti zinazoshika bushi za mikono hazikazwi gari ikiwa hewani. Unaziweka kwa mkono, unashusha gari ikae kwa taya zake, ndio unakaza hadi mwisho. Ukizikaza ikiwa imening'inia, raba ya bushi inajipinda siku yote kama nguo inakamuliwa, na baada ya miezi michache imeraruka. Alafu utasema spea za Grogan ni feki, kumbe ni mkono wako.

Ukimaliza, endesha polepole mtaani, rudi, kaza tena kila kitu. Rudia baada ya kama kilomita 500.

Njia za mkato zenye zitakukata

Kuna zile raba zinasukumwa katikati ya pete za springi. Bei ni ya chini, na gari inainuka hapohapo. Kitu zinafanya ni kuua pete mbili tatu za springi, kwa hivyo zilizobaki zinabeba kazi yote. Gari inakuwa ngumu kama mkokoteni, na springi inaweza kukatika.

Kuna kuchoma springi na gesi ili ivutwe iwe ndefu. Usikubali. Springi imepikwa kiwandani kwa joto lenye limepimwa. Ukiichoma na moto wa gereji umeua chuma. Itasimama wiki mbili, alafu itaanza kulala, upande mmoja kwanza.

Kuna pia kuchanganya: springi mpya ndefu na shoki za zamani fupi. Kila bampu, shoki inafika mwisho wake kabla springi imalize, na unasikia ile "tang!" nyuma. Na shoki za eksi-Japan zenye zimekaa kwa kontena hazina cheti cha kuonyesha zilibeba nini miaka kumi iliyopita. Springi nunua mpya, nunua mbili kwa pamoja, na uangalie namba imeandikwa. Magari mengine springi ya upande wa dereva si sawa na ya abiria. Ukizibadilisha, gari itainama.

Na usinunue springi za kubeba mizigo kama hubebi mizigo. Kuna springi zimetengenezwa kwa gari iko na bampa ya chuma, winchi, tenki mbili na hema juu. Ukiziweka kwa Prado inabeba wewe na manzi wako hadi Westlands, mtaruka kwa kila bampu hadi mgongo uulize maswali.

Kitu gereji nzuri inauza

Watu hudhani ukilipa gereji unalipa kukazwa kwa bolti. Hiyo ni sehemu ndogo. Unalipa vipimo, na hapo ndipo kazi nyingi za jua kali na za nyumbani zinaangukia.

Ukiinua mbele, taya zinabadilisha jinsi zinakaa. Zinalalia upande mmoja, zinaangalia ndani ama nje, na usukani unaanza kukataa kurudi wenyewe katikati. Mtaani kwa kilomita 40 kwa saa hutaskia kitu. Uko Southern Bypass kwa 100, lori inakupita, upepo unakusukuma, na gari inaanza kutangatanga kama imelewa. Kwa hivyo alainmenti ni lazima, awe nani amefunga. Kama fundi anakuambia haihitajiki, mshukuru na uondoke.

Ukiinua, driveshafti zinapinda zaidi. Ile raba inayofunika jointi ya CV inararuka, grisi inatoka, vumbi la Suswa linaingia, na siku moja ukikata kona unasikia "ka-ka-ka". Kwa gari nyingi za taya zinazojitegemea, inchi mbili ndio mwisho wa busara bila kuongeza vitu vingine. Forester za zamani kama SG5 ziko na yao: ukiinua nyuma, taya inasogea mbele ndani ya madigadi, kwa hivyo lazima mkono wa nyuma nao usogezwe.

Kwa Jimny, kuna fimbo moja inashikilia ekseli isitembee kulia na kushoto. Ukiinua gari, hiyo fimbo inavuta ekseli upande mmoja. Gari inaenda mbele lakini imeangalia kando, kama kaa.

Sasa breki. Hii ndio inafaa ikushtue. Kuna Prado na Hilux ziko na valvu nyuma inayosoma gari imebeba kiasi gani kwa kuangalia ekseli iko mbali kiasi gani na chesi. Ukiwa na mzigo, gari inalala, valvu inapeleka breki zaidi nyuma. Ukiinua gari, valvu inadhani gari ni tupu kabisa, inapunguza breki za nyuma. Hakuna taa itawaka kwa dashibodi. Utagundua ukishuka escarpment ya Mai Mahiu na familia ndani. Kurekebisha ni kuinua bano lake kiasi sawa na lift, kazi ndogo sana, lakini lazima mtu akumbuke. Angalia pia paipu za breki na nyaya za ABS: usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na taya imening'inia, hazifai kuvutika.

Mwisho ni taa za mbele. Umeinua pua ya gari, sasa taa zako zinaingia kwa macho ya kila mtu Waiyaki Way. Zishushe.

Maswali ya kumuuliza fundi, awe wa Karen ama wa Grogan

Usiulize tu "ni how much?" Uliza hivi:

Umefunga gari model kama yangu, na naweza ongea na mwenyewe? Springi na shoki ni za kutumika pamoja? Alainmenti iko ndani ya bei, na utanipa ile karatasi ya kabla na baada? Valvu ya breki utaifanyia nini? Bushi utazikaza gari ikiwa chini? Nikirudi baada ya kilomita 500 utanikazia bila malipo?

Msee wa jua kali akijibu haya yote bila kukwama, mpe kazi. Gereji ya kioo ikianza kubabaika kwa swali la valvu, rudisha kadi yako kwa mfuko.

Karao, bima na logbook

Traffic Act, kifungu cha 55, kinataka gari na sehemu zake ziwe katika hali ambayo haiwezi kuleta hatari barabarani. Kwa lugha rahisi: taya ikisugua madigadi ama paipu ya breki ikining'inia, karao hahitaji kukubembeleza.

Bima ndio inauma zaidi. Ukijaza fomu, unatakiwa kusema ukweli wote kuhusu gari. Ukiinua bila kuwaambia, alafu upate ajali, umewapa sababu ya kukataa kulipa. Tuma barua pepe, ambatanisha risiti na karatasi ya alainmenti. Hapo ndio utaona faida ya risiti yenyewe. Na kama logbook bado iko na jina la benki ama sacco, soma mkataba kwanza, juu hiyo gari bado si yako peke yako.

Lift si mashua

Mvua ya Aprili na Mei 2024 ilituonyesha Nairobi inaweza kugeuka mto kwa usiku mmoja. Tangu hapo kuna wasee wanainua gari wakisema ni ya mafuriko. Sentimita tano hazibadilishi mengi. Maji yanayotembea yenye kimo cha sentimita 30 yanaweza kuelea na gari ndogo, na 60 yanabeba karibu gari yoyote, hata hiyo Prado. Na mdomo wa injini wa kuvuta hewa umepanda sentimita tano tu. Ukiona maji yanakimbia, geuza.

Kumbuka pia kwamba kila sentimita unapanda, uzito nao unapanda. Kona ulikuwa unaichukua na 80 Ngong ukitoka Kona Baridi, sasa ichukue na 60. Zile mashine za Rhino Charge, mbio yenye imekuwa ikichanga pesa za uhifadhi tangu 1989, zinapanda mawe kama mbuzi kwa sababu zimejengwa upya kuanzia chesi, ziko na keji ya chuma ndani, na madereva wamefungwa mikanda kama marubani. Yako iko na kiti cha mtoto nyuma.

Sasa uamuzi

Kama unataka inchi mbili kwa Jimny, ama nyuma ya Prado, na uko na stendi, rafiki na siku nzima: fanya mwenyewe, alafu nenda alainmenti kesho yake asubuhi.

Kama ni mbele ya Prado ama Hilux: nunua kiti mwenyewe, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kubana springi, simama hapo uangalie, alafu alainmenti. Kwa wasee wengi wa mfuko wa kawaida, hii ndio njia ya katikati yenye akili.

Kama ni Forester, ama unataka zaidi ya inchi mbili, ama gari inabeba familia kila siku: lipa gereji. Chapaa ikiwa haijafika, ngoja. Weka taya nzuri za 4x4 za saizi ya kiwanda kwanza. Hizo peke yake zitakufikisha mahali pengi kuliko unavyodhani, na gari itabaki inashika breki vile Toyota walikusudia.

Na bajeti yako ikitosha springi pekee bila alainmenti, basi bado haijatosha springi.